Siku Tulipolikalia Sanduku la Mnyamwezi

Wanangu mnaosomea kuwarudishia watu maneno yao, mwalimu wenu kaniomba niwaandikie namna tulivyoifanya kazi hii Kibiti na kule Delta, zamani kidogo, nyie mkiwa bado kwenye ahadi za wazazi wenu. Kaniomba niwe mfupi. Hapo kakosea mtu. Mimi Shamte ukinisalimia asubuhi, jibu langu ukitaka kulisikia lote beba na chakula cha mchana.

Nilianza kama mhudumu wa kituo cha afya pale Kibiti. Kufagia, kuchemsha sindano, kuwazuia mbuzi wasiingie wodini. Alikuwapo beberu mmoja ambaye kwa jinsi alivyokuwa akilazwa, nadhani alikuwa na kadi yake. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima. Tulisomea taa ya chemli, na mpaka leo nikipiga hesabu ya mgawanyo nasikia harufu ya mafuta ya taa. Cheti cha kidato cha nne nilikipata mvi zikiwa zimeshanitembelea, na mwanangu wa kwanza ndiye aliyekuwa akinisahihishia insha. Alikuwa hana huruma yule mtoto.

Enzi hizo zilikuwa za ruksa. Maduka yanafunguliwa, magari ya watu binafsi yanaongezeka, mitumba inashuka kwa marobota, mpaka tukawa na wakulima wa mpunga wanaopalilia na makoti ya theluji. Katika kufungua huko na sisi tukafunguliwa mradi. Manesi wachache walikuwa wamepewa kozi ya tiba ya usemi, yaani kumsaidia aliyepigwa kiharusi akapotelewa na maneno, mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi. Mmoja wao akapangiwa zahanati ya Mbuchi, ndani kabisa ya Delta, gari linapokomea unashuka unapanda mtumbwi. Mimi nikahamishiwa huko niwe mpokeaji wake, msaidizi wake na mwanafunzi wake. Cheti changu kilikuwa bado kibichi, na mganga wetu wa Kibiti alikuwa amechoka kuoneshwa.

Nasema mmoja, lakini kwa kweli walikuja watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa kijana wa Moshi, mpole, ana mikono safi kama ya mpiga kinanda. Wa pili dada wa Bukoba, hodari mno, anaamka kabla ya jogoo na kumwamsha. Wote wawili waliondoka kabla hata hawajajua njia za mikokoni. Ofisini wakasema ni mbu. Kweli, mbu wa Mbuchi wakati ule walikuwa hawapiti chini ya chandarua, walikuwa wanakiinua. Lakini haikuwa mbu.

Tuliwafukuza kwa heshima. Sikilizeni vizuri, maana kosa hili hulifanya watu wema tu. Yule kijana alipokuja tulimpa kiti chenye mto, wengine tukakaa mkekani. Chakula chake kililetwa chumbani kwenye sinia, kimefunikwa kawa, na aliyeleta akarudi kinyumenyume. Akipita barazani watu wanaacha mazungumzo, wanaamkia, wananyamaza mpaka apite. Kwetu huko ndiko kumpenda mgeni. Basi kijana wa watu akala kuku peke yake kila siku akitazamana na ukuta, na naamini ukuta ulikuwa umeanza kumwitikia. Alipoondoka tukajilaumu kwamba hatukumheshimu vya kutosha. Dada wa Bukoba tukamzidishia. Yeye hata kisimani hakuachwa aende. Siku moja aliniuliza, "Kaka Shamte, hivi hapa nimeshitakiwa kwa kosa gani?" Nikadhani anatania. Mwezi haukuisha akaomba uhamisho.

Wa tatu akaja Anastazia.

Nakumbuka alivyoteremka mtumbwini. Mwanamke mfupi, kifua mbele, sanduku la bati kichwani, na mimi nakimbia nyuma yake nikimwomba anipe nimbebee na yeye hataki. Pale bandarini alikuwa amekaa Mzee Mbonde, akisuka dema lake la kutegea samaki. Mzee Mbonde ndiye aliyekuwa mdomo wa Mbuchi. Harusi isiyo na maneno yake ilihesabiwa kuwa ni posa tu. Akamuuliza mgeni ametokea wapi. Tabora, akajibu. Mnyamwezi? Mnyamwezi. Mzee akaliweka dema chini, akanyoosha miguu kama sultani, akasema:

"Mpagazi, tua mzigo. Tajiri wako ndiye mimi."

Nikafumba macho. Nikaona wa tatu huyo anarudi na mtumbwi uleule. Anastazia akamtazama Mzee kuanzia kofia mpaka vidole.

"Tajiri gani suruali ina madirisha?"

Kicheko kilichotoka hapo, ndege walihama kisiwa. Maana Mnyamwezi na mtu wa pwani ni watani tangu misafara ya babu zao ilipokuwa inashuka na mizigo, na mtani hanuni. Anaweza kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua jogoo wako ukabaki unacheka. Msibani anazuia kazi mpaka apewe chake. Kwa kauli ile moja Anastazia akaacha kuwa mtaalamu, akawa mtu. Jioni ile Bi Zainabu, mke wa Mzee Mbonde, hakumpelekea sinia. Alimpigia kelele kutoka uani: "Mnyamwezi, ukisubiri kuletewa utakufa njaa, njoo ukune nazi." Akaenda, akakuna, akaambiwa anakuna kama anayemkwaruza adui, akala na wenzake sinia moja. Mimi nilikuwa nimeandaa kiti chenye mto. Nikakikalia mwenyewe.

Sasa kazi. Kozi ilimpa Anastazia kadi za picha, nzuri, za rangi. Mgonjwa anaoneshwa, anataja. Mgonjwa wetu wa kwanza akaoneshwa tunda, akakaa kimya. Akaoneshwa mnyama mwenye mkia wa manyoya juu ya theluji, kimya. Anastazia akageuza kadi akaitazama yeye mwenyewe, akanigeukia. "Shamte, hii wewe unaiitaje?" Nikamwambia labda ni paka aliyevaa mtumba. Akacheka mpaka akaegemea kabati, akazifunga kadi kwa uzi, akatoka na ungo kwenda kukusanya vitu: kata, mwiko, kaa wa mikokoni aliyefungwa magando, kipande cha ndizi, pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, ndani ya kikombe. Yule kaa alikuwa mwalimu mzuri sana. Hakuna mtu aliyeshindwa kumtaja akikaribishwa kidoleni.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Mtu asiyesema nilidhani hasikii, basi nikawa namfokea kama mnadi wa mitumba. Anastazia akaniweka mbele ya kioo akaniambia nijitazame ninavyosema na wagonjwa. Wanangu, mishipa ya shingo ilinisimama kama mizizi ya mkoko. Akanifundisha kukaa chini, macho yangu yawe usawa wa macho ya mgonjwa. Kuuliza jambo moja. Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote, kusubiri. Neno likimkwama mtu usimmalizie. Ukimmalizia umemnyang'anya. Kwa mtu kama mimi, kusubiri ni kama kuambiwa nishike kaa la moto, lakini nilijifunza, na nyie mtajifunza.

Mwaka uliofuata, wakati mpunga umeanza kutoa masuke, kiharusi kikampata Mzee Mbonde. Alikutwa dunguni kwake shambani, upande wa kulia haumtii, na ule mdomo wa Mbuchi hauna kitu ila "nde, nde, nde." Wako waliosema ni shetani wa mikokoni amemfunga. Wako waliosema amesema sana, akiba imeisha. Yeye mwenyewe alikuwa anatutazama tu na machozi yanashuka jicho moja. Anaelewa. Hilo ndilo lililokuwa likitukata, kwamba anaelewa kila kitu.

Bi Zainabu kwa mapenzi akageuka ulimi wake. Ukimuuliza Mzee ameamkaje, Bi Zainabu anajibu. Ukimuuliza maumivu yako wapi, Bi Zainabu anajishika bega. Anastazia alimwekea mkono juu ya mkono.

"Mama, mwachie. Neno lake linakuja kwa miguu, halijapanda gari."

Basi tukaanza. Lakini msimu ni msimu. Delta mpunga ukikaribia kuiva, mji mzima unahamia mashambani, kila kaya na dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, mchana wanafukuza ndege, giza likiingia wanafukuza nguruwe. Mzee naye akabebwa na familia yake kwenda dunguni. Zahanati ikabaki mimi, Anastazia, na popo. Wale wawili waliotangulia msimu kama huu ndio uliowamaliza. Walikaa kwenye chumba kitupu wakaamini hawatakiwi. Anastazia alikaa siku chache hivi, akafunga mlango, akatia vitu vyake kwenye kapu. "Kama wagonjwa wako juu ya miti," akasema, "na mimi nitapanda."

Tukawa tunakwenda dungu kwa dungu, matope magotini. Nimewahi kuacha kiatu kimoja kwenye tope la Mbuchi, na nina hakika mpaka leo kinaendelea kuzama. Mzee akapata salamu kwanza. "Marahaba" ilitoka nzima kama yai. Zikaja hesabu, moja mbili tatu, lakini akianza hawezi kusimama. Halafu ikawa kimya kirefu. Wiki zinapita, hakuna jipya. Bi Zainabu akawa anageuza uso tukifika.

Siku moja Anastazia alikuwa anapanda ngazi ya dungu, kapu kichwani. Mzee alikuwa anatazama ndege. Akageuka, akamwona, na kabla yeye mwenyewe hajajua:

"Mpagazi."

Mimi nusura nianguke na ngazi. Bi Zainabu akaachia kata ya maji. Mzee mwenyewe akajishika mdomo kama aliyetokwa na tusi msikitini. Anastazia hakushangilia. Alitua kapu, akakaa, akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba suruali yake bado ina madirisha. Baadaye njiani akanieleza. Maneno ambayo mtu ameyasema maisha yake yote, salamu, dua, kuhesabu, matani, yana njia yao ya pembeni. Barabara kubwa ikikatika, hayo hupita uchochoroni. Hayatoki kwa sababu mtu ameyachagua, yanatoka yenyewe. "Tutaanzia uchochoroni," akasema, "lakini siku atakayoweka neno lake mwenyewe, alilolichagua, hiyo ndiyo siku nitakayomwamini."

Tangu hapo bonde zima likawa zahanati. Wa dungu la pili anapiga kelele, "Mnyamwezi kazi yake ni...", tunanyamaza, hata wanaofukuza ndege wananyamaza, ndege wanakula, na Mzee anahangaika, anahangaika, anasema, "Kubeba." Nadhani mwaka ule tulivuna nusu tu ya mpunga, nusu nyingine ndege walilipwa kwa uvumilivu wao. Lakini yote yaliyomtoka yalikuwa ya zamani. Mpagazi. Kubeba. Tua mzigo. Jipya hakuna.

Mavuno yakaisha, mradi nao ukaisha. Mwenye mradi alikwenda na mradi wake. Mishahara ikawa inachelewa, serikalini watu wanapunguzwa, paa la nyumba ya Anastazia linavuja juu ya kitanda hasa, si pembeni. Na Dar es Salaam zilikuwa zinafunguliwa zahanati za watu binafsi, na moja ikamtaka. Nyumba, feni, maji bombani. Aliniambia mimi kwanza, tukiwa tunaosha vifaa. Hakuwa na furaha wala huzuni, alikuwa amechoka tu. Akasema, "Kazi utaiendesha wewe, Shamte." Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza. Nilijua ninachokijua, na nilijua kinakomea wapi. Angeondoka, Mzee Mbonde angebaki uchochoroni, na wengine wote wa Delta pamoja naye.

Sikumlaumu, na nyie msiwalaumu wenzenu wanaoondoka. Paa likivuja linavuja.

Siku ya safari maji yalikuwa yanajaa, mwenye mtumbwi anataka kuwahi. Nilibeba lile sanduku la bati mpaka bandarini, nikalitua nikageuka kufuata kapu. Niliporudi Bi Zainabu alikuwa amelikalia. Ametulia, anajipepea kwa ncha ya khanga. Akaja jirani yake, akajibana pembeni. Akaja mwingine. Sanduku lilikuwa dogo, lakini naapa niliona nusu ya wanawake wa Mbuchi wamelikalia.

Anastazia akacheka. Akawaambia haya, basi, imetosha, maji hayanisubiri.

"Sanduku limekamatwa," Bi Zainabu akasema. "Lina fidia."

"Fidia gani tena, watani?"

"Mwenyewe anakuja."

Tukamwona Mzee Mbonde anateremka kwa fimbo, mguu wa kulia anauvuta kama mtumbwi. Wanawake wakampisha, akakaa juu ya sanduku. Hapo Anastazia hakucheka tena. Nilimwona ametaka kukasirika, na kwa sheria ya utani hana ruhusa, na asingeweza hata angekuwa nayo. Akasimama mbele yake.

Mzee akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Shavu likamcheza. Mwenye mtumbwi akakohoa. Mimi neno lilikuwa limenijaa kinywani, nilitaka kumsemea, wallahi, nilishafungua mdomo. Anastazia akanitazama mara moja tu, lile jicho la darasani. Nikaufunga. Tukasubiri. Bandari nzima ikasubiri, hakuna aliyemmalizia, hata Bi Zainabu, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa khanga.

"Mpagazi," akasema Mzee.

Hilo tulilijua.

"Tua... tua mzigo."

Na hilo tulilijua. Anastazia akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuaga. Lakini Mzee hakuwa amemaliza. Akainua ile fimbo, akaichomeka kwenye mchanga katikati ya miguu yao.

"Hapa."

Wanangu, utani ule ulikuwa na umri wa misafara, na hakuna mtu aliyewahi kuuwekea neno hilo. Halikutoka uchochoroni. Mzee alilitafuta, akaliona, akalileta. Wengine pale walisikia mzee amesema. Mimi na Anastazia tulisikia kitu kingine. Alichuchumaa, macho yake yakawa usawa wa macho ya Mzee, akauliza kama anavyouliza kazini, bila machozi:

"Wapi, mtani?"

"Hapa."

Anastazia akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Basi mimi leo sibebi peke yangu. Inuka." Mzee akainuka. Akashika mkono mmoja wa sanduku kwa kushoto kwake, Anastazia akashika wa pili, nami nikamshikia Mzee fimbo. Wakapanda nalo kurudi nyumbani, kwa mwendo wa kinyonga, wakitua kila hatua chache, na mwenye mtumbwi akaenda zake na feni ya Dar es Salaam.

Msidhani alibaki bure. Jioni ileile naye alitutoza fidia: paa lake liezekwe upya, apewe kipande cha shamba na dungu lake, na watu wawili wa Mbuchi waje wasome pamoja nami, awe na wa kumpokea akitaka kwenda kwao Tabora kusalimia. Tukalipa vyote. Mmoja wa wale wawili ndiye mwalimu wenu, aliyeniomba niwe mfupi.

Kwa hiyo mkifika vituoni, nyumba ulizeni, mshahara ulizeni, ni haki yenu. Lakini ulizeni pia mtani wenu ni nani. Usipokuwa naye, tafuta somo, mtu wa jina lako. Ukikosa, kakune nazi uani kwa watu wakucheke. Ukiona unaletewa sinia lililofunikwa kila siku, jua umeanza kusafirishwa.

Mzee Mbonde aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisema kidogo na kuchagua vizuri, jambo ambalo wengine walisema ni nafuu kwa kijiji. Alipofariki, siku ya matanga, Anastazia alifanya kazi ya mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akachukua fimbo yake, akauvuta mguu wa kulia mbele ya wafiwa. Uwanja ukacheka, na Bi Zainabu akacheka kuliko wote, maana alikuwa yeye mtupu, Mzee Mbonde kabisa. Anastazia akaja kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyoosha miguu.

"Mpagazi," akasema, kwa sauti ya Mzee. "Tua mzigo."

Akainua fimbo. Akaichomeka chini. Akafungua mdomo, na neno halikutoka. Kwanza tulidhani anaigiza. Halafu tukaona kidevu.

Hakuna aliyemmalizia. Uwanja mzima, wazee, watoto, wageni kutoka Mahege na Utete ambao hata hawakujua ni neno gani, tukakaa kimya tukamsubiri, kama alivyotufundisha, mpaka akalipata.